Tusiwafungie mlango dada zetu

Mhariri,

Hapa Ujiji kijana wa kiume akivuta unga tunasema kapotea, tunamwombea. Binti akivuta, tunamfukuza. Jirani yangu alitolewa kwao usiku, mtoto mgongoni. Aliyempokea ni mama mmoja muanika dagaa wa Kibirizi: alimpa kanga, uji, na kazi ya kugeuza dagaa kwenye chanja. Hakumhoji.

Methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga (heroini), ilianza kutolewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mwenye mtoto mchanga ataifuataje kila asubuhi bila nauli, bila wa kumshikia mwana? Hapo ndipo vikoba vyetu vingesaidia, hata kwa zamu.

Jirani yangu juzi kaniletea fungu la dagaa. Kalinunua mwenyewe.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma