Salamu za Pasaka kutoka Liverpool: Kulwa Bila Doto

Bwana Yesu asifiwe, Mama, baba wadogo, mashangazi na ukoo wote. Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo? Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha Kwaresima nyingine, ijapokuwa nasikia bei ya mchele na mafuta ya kula huko haishikiki, na huku Liverpool nako bili ya umeme imetufundisha kukaa ndani na makoti.

Nikitoka zamu ya usiku hupita Abercromby Square, penye sanamu ya shaba ya Noel Chavasse akiwa na majeruhi. Yeye na pacha wake Christopher walikimbia mbio za mita 400 katika Olimpiki ya London mwaka 1908, na wote wawili wakaishia kwenye mchujo wa kwanza. Noel ndiye aliyezaliwa wa pili, kwa hiyo kwetu angeitwa Doto. Akawa daktari wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na Agosti 1916, huko Guillemont, Ufaransa, baada ya kuwahudumia majeruhi mchana kutwa chini ya risasi, usiku alitumia saa 4 kuwatafuta waliosalia mbele ya mahandaki ya adui. Akaokoa watu wapatao 20, akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani ya Uingereza. Mwaka uliofuata, karibu na Ypres, Ubelgiji, aliumia kichwani akakataa kukiacha kituo chake, mpaka kombora lilipomjeruhi tumboni. Alifariki tarehe 4 Agosti 1917, na nishani ile ile akapewa mara ya pili. Baba yake, Askofu wa Liverpool, alichagua Yohana 15:13, ule mstari wa upendo wa mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, uandikwe kaburini.

Watu humtazama Noel. Mimi, tangu mlipomzika Doto wetu Novemba nikiwa nimekwama huku kwa kukosa nauli, namfikiria Christopher, aliyeishi hadi 1962: karibu miaka 45 ya kuwa Kulwa asiye na Doto.

Ndugu zangu, upendo unaohubiriwa Ijumaa Kuu una gharama, na hulipwa na yule anayerudi hatarini alikokwisha kutoka salama. Vijana wenye nguvu za miguu, mkimbilieni jirani aliyelala njaa. Nanyi mnaogombania shamba la marehemu, simameni mbele ya msalaba mjiulize ninyi mmetoa nini.

Nawatakia Pasaka njema yenye amani, afya na baraka tele. Mama, pilau ya Jumapili ikiiva, mahali pa Doto pasiachwe wazi, mketisheni mwanawe.