Barua kwa mtani wa Dodoma

Mtani wangu,

Salamu kutoka Tours, huku Ufaransa. Huku hatujambo, watoto wako shule na baridi imeanza kuuma. Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli mtu asiye na shamba wala uraia anaweza kukaa ukingoni mwa mto wa Wafaransa akavua bila kufukuzwa. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Ni kweli, ila kwa karatasi. Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000, na hapa kwetu maji yake ni mali ya umma. Kabla ya Mapinduzi ya 1789 haki ya kuvua ilikuwa ya mfalme na mabwana wakubwa. Siku hizi unachukua kadi ya uvuvi ya mwaka. Mtu mzima hulipa kama yuro mia hivi, mtoto wa chini ya miaka 12 yuro chache tu. Ukishalipa umekuwa mwanachama wa chama cha wavuvi cha eneo lako. Una kura ya kuchagua viongozi, unakaa mkutano mkuu, unalalamika kama wengine. Na chama chenyewe kisheria kina wajibu wa kulinda maji na samaki, si kukusanya ada tu.

Kuna jambo moja lilinifurahisha. Mwenye ardhi inayopakana na mto wa umma lazima aache mita 3.25 wazi ukingoni, wavuvi na waenda kwa miguu wapite. Kwa hiyo huwa napita nyuma ya majumba ya watu wenye pesa zao, ndoo ya minyoo mkononi, mbwa wanabweka, na mwenye nyumba ananitupia "bonjour" huku akimwagilia maua.

Ila usidhani mito yote iko hivyo. Kwenye vijito vidogo haki ya kuvua ni ya mwenye shamba, mpaka katikati ya maji, na nusu ya pili ni ya jirani wa ng'ambo. Hapo chama ndicho kinachoingia makubaliano na wenye mashamba ili wanachama wavue. Mwenye shamba akikataa, basi. Mimi naona hapo wenye ardhi wamependelewa mno, hasa kwa kuwa trauti, samaki mtamu kuliko wote, anapenda hivyohivyo vijito vyenye maji baridi.

Masharti ni mengi. Kwa kadi hii huruhusiwi kuuza hata samaki mmoja. Brochet, yule wa mdomo mrefu wenye meno, hapa Loire hagusiki tangu mwisho wa Januari hadi mwisho wa Aprili, ndio msimu wake wa kutaga. Nusu saa baada ya jua kuzama unakunja mshipi unarudi nyumbani. Mngeambiwa hivyo kule bwawa la Mtera mngeandamana! Halafu kuna kambare wao, silure, anapita mita mbili, na wengi huku hawana habari naye mezani. Nawaangalia nasikitika.

Sasa mvinyo. Mzee mmoja wa chama, mstaafu aliyenionyesha namna ya kufunga ndoana kwa uzi mwembamba, alinipeleka Vouvray, kijiji cha wakulima wa mvinyo, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Maghala yao yamechimbwa ndani ya mwamba wa chokaa, kiangazi na kipupwe ubaridi ni uleule. Mkulima akatuwekea glasi tatu, zote za zabibu aina ya Chenin blanc: ya kwanza haina sukari inayosikika, ya pili ina utamu kidogo, ya tatu tamu hasa. Unainamisha glasi uone rangi. Unanusa. Unaizungusha, unanusa tena, na harufu sasa imefunguka. Kisha unapiga funda dogo, unavuta hewa kupitia midomo, unaliviringisha mdomoni na kulitema kwenye chombo. Ndiyo, mtani, Mhehe ametema pombe kwa hiari yake. Watangazie.

Nilichojifunza ni kuusikiliza uchachu. Ukishatema, subiri: mate yakikujaa mashavuni, ndio huo. Ile glasi ya tatu ina sukari ambayo kwenye juisi ungesema imezidi, lakini uchachu unaishika, haikinaishi. Mkulima alisema anasikia asali. Mimi nilisikia pera lililoiva na nta ya mzinga, akatikisa kichwa kukubali. Baadaye mzee alipika sandre, samaki wa mtoni, kwa mchuzi wa siagi, siki na vitunguu vidogo. Siagi inafunika ulimi wote, funda la ile isiyo na sukari linausafisha, unarudia kijiko.

Nakwambia haya kwa sababu Chenin blanc ipo na hapo Dodoma. Nyinyi mnavuna mara mbili kwa mwaka, huku mara moja, lakini zabibu zako unazipima kwa kilo, zinapanda gari, habari imeishia hapo. Sioni kwa nini mnunuzi ajue ladha ya shamba lako kuliko wewe. Tafuta chupa ya mvinyo mweupe wa hapo usio na sukari, uupoze bila kuugandisha, uwaite majirani wawili watatu wenye mashamba. Msile pilipili kabla. Nuseni kwanza, kila mtu aandike chake bila kuchungulia cha mwenzake. Joto hupunguza uchachu wa zabibu, kwa hiyo nina hamu ya kujua kama mate yatawajaa. Na muulize mnunuzi wako: anapopanga bei, anapima sukari peke yake au na uchachu pia?

Nijibu kabla hamjaanza kuvuna. Shemeji yako anakusalimu, anauliza zile karanga ulizoahidi.

Mimi mtani wako wa Iringa