Fomu za darasa la sita: Advanced au Honors?

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Fomu za kuchagua ngazi za masomo mwisho Ijumaa. Wengi mnaniuliza pembeni ipi kubwa, Advanced au Honors, zile ngazi za masomo magumu kuliko ya kawaida. Hapa Marekani kila wilaya ya shule inayapa majina haya maana yake, kwa hiyo jina lisiwababaishe. Muulizeni mshauri wa shule: hesabu hii itamfikisha mtoto Algebra 1 (aljebra ya kwanza) darasa la nane? Akiipata hapo, darasa la 12 anafika Calculus, hesabu ya juu, bila kuruka somo.

Wangu nilimjazia Honors masomo yote manne. Oktoba nikamkuta saa tano usiku amelalia daftari, kalamu mkononi. Tukabaki na Honors ya hesabu na sayansi tu.

Kiingereza kinakusumbua? Omba mkalimani shuleni, ni bure. Mama Zuhura, fomu yako naisubiri.