Haiti sio magenge peke yake, mhariri

Kwa mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Nakuru na nimeamua kuandika manake jambo hili linaniuma tangu polisi wetu wa kwanza watue Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, ile Juni 25, 2024. Kuanzia siku hiyo nimekuwa nikisoma kila stori mnayochapisha kuhusu Haiti na karibu zote ni ile ile, magenge, risasi, miili barabarani, halafu picha ya gari la deraya na bendera yetu ubavuni, basi. Vijana wetu wametumwa huko, wengine wamerudi kwenye jeneza, na bado mtu akikuuliza Haiti ni nchi ya namna gani utabaki kusema tu ni mahali pabaya. Hilo mimi naona ni deni mnalodaiwa na wasomaji na pia mnadaiwa na Wahaiti wenyewe.

Ramani kwanza. Haiti ni theluthi ya magharibi ya kisiwa cha Hispaniola, sehemu iliyobaki ni Jamhuri ya Dominika. Ni milima kila upande, na Port-au-Prince imejibana kwenye pembe ya ghuba kiasi kwamba barabara kubwa za kutokea ni chache mno. Ile ya kusini inapita mtaa wa Martissant, na magenge yalipouteka Martissant Juni 2021 yalikata mikoa minne ya kusini na mji mkuu, mtu wa Les Cayes, mji wa huko kusini, akitaka kwenda Port-au-Prince anahatarisha maisha au anatafuta njia ya baharini. Ile ya kaskazini inaelekea bonde la Artibonite, na ni huko Artibonite ndiko askari wetu wa kwanza aliuawa Februari 2025. Mwaka 2022 genge lilizingira depo ya mafuta ya Varreux kuanzia Septemba mpaka Novemba na hospitali zikakosa dizeli ya jenereta. Sasa mkituonyesha hivyo kwenye ramani mtu anaelewa kwamba vita hii ni ya barabara, bandari na depo, anayeshika njia ndiye anayetoza kila lori na kila matatu ya kule wanayoiita tap-tap. Bila hiyo ramani tunabaki kudhani ni watu tu wamechoka kuishi kwa amani.

Na hilo bonde la Artibonite ndilo linalotoa mchele wa Haiti, au niseme ndilo lililokuwa linailisha nchi. Mwaka 1995 serikali yao ilibanwa ishushe ushuru wa mchele wa kutoka nje mpaka asilimia 3, mchele wa Marekani wenye ruzuku ukajaa sokoni, wakulima wakashindwa kushindana nao na wengi wakahamia mitaa ya mabanda ya Port-au-Prince. Bill Clinton mwenyewe aliomba radhi mbele ya maseneta wa Marekani mwaka 2010 kwa sera hiyo. Hebu fikiria, rais mstaafu wa Marekani anakiri hadharani, na sisi tuliotuma polisi kwenye mitaa hiyo hiyo hatujawahi kuelezwa kwanini ilijaa vijana wasio na kazi wala shamba.

Sasa historia, hapa ndipo naumia zaidi. Hii ni nchi ya watu waliokuwa watumwa wakavunja minyororo yao wenyewe. Karibu laki 5 walikuwa wanafanyishwa kazi kwenye mashamba ya miwa na kahawa ya Wafaransa kwenye koloni la Saint-Domingue, wakaanza kuasi Agosti 1791, Toussaint Louverture akawaongoza mpaka Wafaransa wakamshika kwa hila na akafia kwenye jela ya baridi huko Ufaransa Aprili 1803, Jean-Jacques Dessalines akamaliza kazi pale Vertières Novemba 18, 1803 alipolichapa jeshi la Napoleon, na Januari 1, 1804 wakatangaza uhuru pale Gonaïves. Mpaka leo kila Januari 1 Wahaiti wanapika supu ya malenge, ile ambayo wanasimulia kwamba mtumwa alikatazwa kuionja, na UNESCO iliiweka kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021. Simón Bolívar alipokuwa hana pa kwenda alisaidiwa na rais Pétion wa Haiti kwa silaha na watu mwaka 1816, sharti likiwa awaachie huru watumwa kwenye nchi atakazozikomboa.

Na wala sio mbali na sisi kama tunavyodhani. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa anaitwa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1000 kila mwaka. Wengi waliochukuliwa pwani yetu walipelekwa Mauritius na Réunion, ila miaka ya 1780 meli za Kifaransa zilikuwa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema na mateka kutoka Msumbiji mpaka Saint-Domingue, na kwenye madaftari ya mashamba ya kule wameandikwa hivyo hivyo, Mozambique. Yaani kati ya waliopigania ule uhuru walikuwepo watu waliozaliwa upande huu wa Afrika, halafu sisi tunaandika kuhusu Haiti kama nchi ya wageni kabisa.

Baada ya uhuru ndipo likaja deni. Mwaka 1825 mfalme Charles X alituma manowari na amri kwamba Haiti ilipe faranga milioni 150 kuwafidia Wafaransa waliokuwa wakimiliki mashamba na watumwa, la sivyo vita. Yaani aliyefungwa minyororo ndiye amlipe aliyemfunga! Haiti haikuwa na pesa hiyo, ikalazimika kukopa kwenye mabenki ya Paris ili iilipe Ufaransa, kwa hiyo deni juu ya deni, na hata ilipopunguzwa kuwa milioni 90 mwaka 1838 iliendelea kulipa na kulipa, na ile mikopo iliyotokana nayo iliisha mwaka 1947. Hapo katikati wanajeshi wa Marekani walikuja Desemba 1914 wakabeba dhahabu ya dola laki 5 kutoka benki ya taifa, mwaka uliofuata wakaikalia nchi mpaka 1934. Rais Aristide wa Haiti alidai hadharani Ufaransa irudishe hizo pesa mwaka 2003, mwaka uliofuata akawa ameng'olewa. Aprili 2025, miaka 200 kamili tangu ile amri, rais Macron akatangaza tume ya wanahistoria wa nchi zote mbili kuchunguza jambo hilo. Nilitafuta kwenye gazeti letu wiki hiyo nzima sikuona hata aya moja, na polisi wetu walikuwa huko huko.

Jambo la mwisho ni waandishi wenzenu wa huko, na hili naomba mlisome polepole. Haiti ni nchi ya redio. Wengi hawakupata bahati ya kusoma, magazeti kama Le Nouvelliste la tangu 1898 ni ya Kifaransa, lakini Kikrioli kila mtu anakiongea, ndio maana Jean Dominique alipoichukua Radio Haïti-Inter akaanza kutangaza habari na siasa kwa Kikrioli ilikuwa kama kumpa mkulima kiti bungeni. Utawala wa dikteta Duvalier uliivamia stesheni hiyo mwaka 1980, yeye akakimbilia uhamishoni, akarudi 1986 Duvalier alipoanguka, akakimbia tena baada ya mapinduzi ya 1991, akarudi tena, na Aprili 3, 2000 akapigwa risasi kwenye uwanja wa stesheni yake asubuhi alipokuwa anaingia kazini, yeye na mlinzi. Mkewe Michèle Montas aliendelea na matangazo mpaka vitisho vilipozidi wakafunga mwaka 2003. Na bado wengine hawakukoma. Ofisi za Le Nouvelliste zilivamiwa na kuporwa 2024, Desemba 24 mwaka huo huo waandishi wawili waliuawa wakisubiri kufunguliwa tena kwa hospitali kuu, na Machi 2025 jengo la Radio Télévision Caraïbes likachomwa moto. Hao watu wanaripoti nchi yao wakiwa wenyewe ni wakimbizi ndani ya mji wao, na sisi stori tunazichukua kwa mashirika ya Ulaya na Marekani, Mhaiti akitokea humo ni kwa sentensi moja, analia.

Kwa hiyo naomba hivi. Msituambie hakuna bajeti ya kupeleka ripota. Stesheni nyingi za Port-au-Prince na Cap-Haïtien zinasikika kwenye intaneti, na wapo waandishi wa Kihaiti wanaojua Kiingereza ambao saa hizi hawana ofisi wala mshahara. Watafuteni, waandike wenyewe, mtafsiri, na muwalipe kama mnavyomlipa mwandishi wa hapa. Septemba 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kikosi kipya cha kupambana na magenge, hadi watu 5,550, kuchukua nafasi ya kile tulichokiongoza sisi, kwa hiyo maswali ya ni nini tulifanya huko na nini kilishindikana yanakuja. Muulizeni mama wa Martissant, mkulima wa Artibonite na mtangazaji aliyechomewa studio, kabla ya kumuuliza msemaji wa serikali yoyote, ya kwetu ikiwemo.

Msomaji wenu,
Nakuru