Kaka, bei haikushushwa na risiti yangu, imeshushwa na wembe wako

Wiki iliyopita kaka mmoja kaja dukani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, kafura kwelikweli, hata salamu hakuna, anasema nimemtapeli. Kisa chenyewe ni postikadi ya enzi za Mjerumani, treni imesimama stesheni ya Mombo, mhuri wa 1906, yani mwaka mmoja tu baada ya reli ya kutoka Tanga kufika pale. Alinipa nizibe mpasuko, nikaziba, afu kwenye risiti nikaandika kama ninavyomwandikia kila mtu: mpasuko wa sentimita mbili juu kulia umezibwa kwa gundi ya wanga, ukingo wa chini ulishakatwa kabla kadi haijaletwa. Akaenda nayo kwa mnunuzi, mnunuzi kasoma risiti, kakata bei nusu. Basi mchawi nimekuwa mimi.

Si wa kwanza, na nimechoka kulirudia jambo hili kaunta kila siku, ndo maana naliandika hapa.

Kazi yetu ni fremu na kukarabati makaratasi ya kale, picha, vyeti vya ndoa, postikadi, kadi za sigara za Waingereza (zile zilizotiwa ndani ya pakiti), na siku hizi vijana wanaleta na kadi za wachezaji wa mpira. Vumbi natoa kwa brashi laini. Mpasuko naziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na wanga wa ngano niliopika mwenyewe, na wanga huo hata baada ya miaka hamsini mtu akiulainisha kwa maji unaachia, kadi inabaki kama ilivyokuwa. Iliyojikunja nailaza chini ya uzito. Lakini kukata kingo ili kona ziwe kali, kupaka rangi palipochubuka, kuosha kwa JIK ili iwe nyeupe, kuchora mhuri uliofifia, hapana, hata ukinipa laki. Na hayo ninayofanya nayaandika yote kwenye risiti, maana kadi ikitoka kwangu inaenda kwa mtu mwingine na huyo mtu sijamuona ila namtolea jasho yeye pia.

Wembe ndo unaoniuma zaidi. Mtu anaona ukingo umeliwa na mende au umepinda kidogo, anachukua rula na wembe, swaa, anaona kapendezesha. Postikadi za zamani zile ni kama sentimita 9 kwa 14, ya huyu kaka ilikuwa 8 na nusu. Nililaza rula mbele ya macho yake, akasema labda Mjerumani alikosea kukata. Mjerumani! Halafu hata bila rula inaonekana, ukingo wa miaka mia na zaidi ni laini, umefifia na umejaa uchafu wa mikono, uliokatwa jana ni mweupe kama nazi iliyokunwa. Na viraka je? Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti feki, duka lolote kubwa hapa mjini wanayo, washa gizani umulike kadi. Karatasi nyingi za baada ya vita vya pili zinatiwa dawa ya kung'arisha, sasa kadi ya 1906 ikiwa na kona inayong'aa kama shati la shule ujue pana mtu kapita hapo.

Wengine wanataka nifute maandishi. Dada mmoja kaniletea picha ya bandari, anasema kuna mtu kaichafua kwa wino mbele, pembeni ya picha. Nikamwambia dada yangu, kadi za Wajerumani za kabla ya 1905 nyuma palikuwa pa anwani tu, ujumbe ukabanwa hukohuko mbele, kwa hiyo hicho unachokiita uchafu ndo barua yenyewe. Na stempu msibandue jamani! Ile yenye meli ya Kaizari mpaka 1905 bei yake iliandikwa kwa sarafu iliyoitwa pesa, baada ya hapo kwa sarafu iliyoitwa heller, ukiiacha pamoja na mhuri wake kadi inajitajia umri yenyewe, ukiibandua unabaki na kadi yenye kidonda na stempu yatima.

Lamineshen nisiifikie maana nitalia. Familia moja ya Chumbageni waliwapa watoto kadi kumi na moja za bibi yao wazipeleke steshenari zikalamineti "zisiharibike". Plastiki ile inashika kwa moto, haitoki, ukiivuta picha inakuja nayo. Kumi na moja zote.

Mimi mwenyewe si malaika. Nilipokuwa mgeni kazini dalali mmoja aliniomba nimpakie rangi kona ya kadi ya sigara iliyochubuka, nikapaka kwa penseli, nikajiona fundi. Miezi miwili haijaisha mzee mmoja wa Raskazone ananiletea kadi ileile nimkagulie, kainunua kama safi. Nikaiweka chini ya lenzi nikauona mkono wangu. Nikamwambia ukweli. Akanyamaza, afu akasema, sasa mwanangu nikuamini kwa lipi? Hela nilimrudishia kutoka mfukoni kwangu, dalali alishayeyuka.

Kuna wajuzi wananitajia Marekani, kadi ya besiboli ya Honus Wagner, iliyotoka kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Sawa, tuizungumze. 1991 Wayne Gretzky yule wa hoki na mwenzie walinunua moja kwa dola 451,000, kampuni ya PSA, wale wanaokagua kadi na kuzipa alama za ubora, ikaipa daraja 8 kati ya 10, na 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Halafu 2013 Bill Mastro, mtu wa minada aliyewahi kuimiliki, akakiri mahakamani kwamba kingo alizikata yeye. Mnaniambia si umeona, iliuzwa hivyohivyo. Iliuzwa kabla hajakiri, bana. Na ile ni Wagner, wewe una treni ya Mombo.

Bei sasa. "Elfu kumi na tano kwa gundi tu?" Gundi yenyewe napika siku ileile, joto la hapa ikilala inachacha. Karatasi inatoka nje. Kadi inalala chini ya uzito usiku kucha, masika siku tatu kwa unyevu huu wa bahari. Wa selotepu atakutoza mia tano, mimi nitakutoza elfu arobaini kuitoa hiyo selotepu, na doa la njano linabaki.

Na wewe kaka wa treni, kadi uliyoitupa kaunta ukaondoka nimeitia kwenye bahasha, ipo droo ya pili. Risiti nyingine "safi" uliyoitaka siandiki. Ukitaka kopi ya ileile njoo asubuhi, mchana huwa nimeenda kuswali.