Binti yangu bado anamngoja babake

Shangazi, salamu kutoka Nyalenda, Kisumu.

Mume wangu alifariki Februari katika ajali ya pikipiki, tukamzika kwao Ugenya. Wakati wa matanga sikuwa na akili ya kuamua lolote. Wazee ndio waliosema binti yetu wa miaka mitano aachwe Kisumu kwa jirani, aambiwe baba amesafiri kikazi Nairobi. Mtoto haonyeshwi kaburi, walisema.

Mwanzoni alikuwa akiuliza tu baba atarudi lini. Siku hizi ananuna. Juzi alinifuata jikoni: "Mama, baba alinikasirikia nini?" Kumbe babake rafiki yake wa chekechea, PP2, naye yuko Nairobi, na hupiga simu kila jioni. Ameanza tena kukojoa kitandani, na Jumapili nikienda soko la Kibuye kuuza omena, hulia mpaka nirudi.

Nilimweleza muuguzi wa kliniki. Alisema mtoto wa umri huo bado haelewi kwamba aliyekufa harudi, kwa hivyo nikimwambia atauliza tena na tena, nami nimjibu vilevile kila mara: baba amekufa. Nisiseme amelala, asije akaogopa usingizi. Akaongeza kuwa watoto wengi hudhani utundu wao ndio uliosababisha. Hilo lilinichoma, nikakumbuka swali la jikoni.

Sasa mama mkwe hataki mtoto aambiwe. Anasema nisubiri Desemba, kaburi litakapotiwa simiti na ukoo mzima uko nyumbani. Simlaumu, amezika mwana. Mjukuu akimwambia "baba akija ataniletea viatu", yeye hutabasamu, na nahisi anapenda kuyasikia maneno hayo. Shemeji zangu nao wanasema haraka yangu ni ya kutaka kuolewa. Mimi ambaye hata shati lake moja sijaligawa!

Shangazi, je, nimwambie mtoto sasa, halafu nikabiliane na wakwe baadaye? Au kuna namna ya kumshirikisha bibi yake ili asione nimempuuza? Akiniuliza mbona tulimwambia baba yuko Nairobi, nijibu nini bila kumfanya awachukie wazee? Na machozi yakinitoka katikati ya maneno, niendelee? Kina mama wa chama wananiambia nijikaze mbele ya mtoto, lakini sidhani nitaweza.

Mjane, Kisumu