Neno "jitahidi" halitoshi kuwa lengo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo nimelishuhudia kwa miaka minane niliyokuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mafinga, nalo ni namna tunavyojiwekea malengo. Kila mzunguko wa kuweka akiba unapoisha, tunapovunja kikundi na kugawana hisa, kabla sanduku la fedha halijafungwa tena kwa kufuli zake tatu, kila mwanachama hutaja lengo lake la mzunguko unaofuata nami huliandika daftarini. Nikipekua kurasa za nyuma nakuta maneno yaleyale: kuinua uchumi wa familia, kuboresha kilimo, kujitahidi zaidi. Waliotamka maneno hayo ni wachapakazi, wanaotoka alfajiri kwenye baridi ya Juni, na nia yao siitilii shaka hata kidogo. Kinachonisikitisha ni kwamba mwaka ukiisha hakuna awezaye kufungua daftari hilo akasema kwa hakika kama uchumi wake umeinuka au haukuinuka.

Neno hili "jitahidi" tumekua nalo. Mtoto hurudi nyumbani na ripoti ya shule iliyoandikwa "ongeza bidii", na mzazi naye humkazia hivyohivyo, ilhali hakuna aliyekaa na mtoto huyo akagundua kwamba kinachomwangusha katika hisabati ni kujumlisha sehemu peke yake, jambo ambalo lingeweza kufanyiwa mazoezi kila jioni mpaka likaeleweka.

Kwetu sisi tunaopishana kila siku na malori ya magogo yanayotoka katika shamba la miti la Sao Hill, upo utafiti unaotuhusu kwa karibu. Mwaka 1975 Gary Latham na James Baldes walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani. Madereva hao walipokuwa wakihimizwa tu kufanya kadiri wawezavyo, walipakia takriban asilimia 60 ya uzito ulioruhusiwa kisheria. Walipopewa lengo la asilimia 94, upakiaji ulipanda hadi kupita asilimia 90 katika miezi michache, na hawakuongezewa malipo yoyote ila kusifiwa kwa maneno. Mwanasaikolojia Edwin Locke alikwisha kueleza tangu mwaka 1968 kwamba lengo mahususi na gumu huzaa matokeo bora kuliko agizo la jumla la kujitahidi. Madereva wale walikuwa watu walewale, wenye malori yaleyale. Walichopata ni namba ya kuitazama kila wanapopakia.

Mimi mwenyewe niliandika "kujenga nyumba" katika daftari hilo kwa miaka minne mfululizo, na kiwanja kikabaki na majani. Mwaka wa tano mke wangu alinishauri niandike upya lengo hilo, tukakubaliana liwe hivi: kufyatua matofali 200 kila Jumamosi kuanzia wiki ya kwanza ya Juni, na tanuru liwe limechomwa kabla Oktoba haijaisha, maana mvua za Novemba zikikuta matofali mabichi huyarudisha kuwa udongo. Jumamosi mbili tulikosa kwa sababu ya misiba. Hata hivyo tulijua tumepungukiwa matofali 400, na kwa kuwa tulijua, tuliyafidia.

Jambo lingine, ambalo naona linasahaulika sana, ni wakati wa kuweka malengo. Tumezoea kusubiri Januari, lakini kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini Januari mahindi yamekwisha kuota, mbolea ya kupandia imekwisha kutiwa au imekwisha kukosekana, na fedha mfukoni hakuna. Mwaka wetu huanzia kwenye mavuno, kati ya Juni na Agosti, magunia yakiwa bado ghalani. Mama mmoja katika kikundi chetu alilielewa hili mapema kuliko sisi wote. Mwezi Julai alitenga magunia matano pembeni, akayafunga kwa kamba nyekundu, akasema hayo ni mifuko miwili ya mbolea ya DAP na miwili ya Urea, na hayataguswa kwa harusi wala sare za shule. Ilipofika Novemba hakuja kukopa. Tena hakuandika kwamba atauza kwa bei fulani, kwa sababu bei ya mahindi haimo mikononi mwake; aliandika idadi ya magunia, ambayo imo.

Kwa hiyo nawaomba maafisa maendeleo ya jamii wanaotutembelea katika vikundi, kutoka Mufindi hadi Mbozi, wasiondoke wakiwa wametuhimiza tu kuchapa kazi. Wakae nasi nusu saa zaidi na kumuuliza kila mwanachama: kiasi gani, kufikia tarehe ipi, na Jumatatu ijayo utaanza na nini? Kikundi chetu kitauliza maswali hayo tutakapogawana hisa, na nimeshapiga mistari mitatu katika daftari jipya kwa ajili ya majibu.

Msomaji wako,
Mweka hazina wa kikundi,
Mafinga, Iringa.